Makosa Arobaini na Moja

Mimi nina ugonjwa mmoja, na nausema mapema asije mtu akanilaumu: nikiona hesabu haijalingana, chakula hakinishuki. Kwa hiyo Mhina wa miche, yule wa Muheza njia ya Amani, aliponipigia kuniambia kwamba kompyuta ya mama yake kila wiki inamaliza kunakili na kuandika "Nakala imekamilika, makosa 41," sikumuuliza ni makosa gani. Nilimuuliza kama ni arobaini na moja wiki zote. Akasema zote. Hayapungui, hayaongezeki? Akasema dada yangu, mimi kazi yangu michungwa, hayo mengine ndiyo nakuitia wewe. Nikafunga mkoba.

Makosa yanayobadilikabadilika hayanisumbui. Leo matatu, kesho tisa, hapo ujue waya umelegea, au wingu limepita juu ya vigae vya jua na umeme ukayumba katikati ya kazi. Lakini makosa yanayorudi na idadi ileile kwa mwaka mzima na zaidi yana sababu iliyokaa mahali pamoja imetulia, nami situlii mpaka nijue ni wapi. Ndio ugonjwa wenyewe huo.

Kulikuwa na haraka pia. Mhina alisema sanduku limeanza kukwaruza, na sanduku la kumbukumbu likishaanza kukwaruza, diski yake haimalizi mwezi. Nikabeba jipya. Sheria inataka sanduku kuukuu lisagwe, kumbukumbu za mtu zisije zikazagaa, kwa hiyo lori la kuyakusanya likapangiwa kupita Jumamosi saa nne asubuhi. Mimi nilifika Ijumaa saa tano. Chochote ambacho kingekuwa hakijanakiliwa lori likifika, ndiyo kwaheri yake.

Mhina ni mtu wa hamsini na kitu, mpole, vidole vimejaa makovu ya kisu cha kubebeshea miche, kile cha kukata jicho la mti mmoja na kulipandikiza kwenye shina la mwingine. Alinipitisha kwenye kitalu chake, akaniingiza sebuleni kwa mama yake. Nilimkuta bi kizee wa miaka themanini na minne, umbo dogo, sikio la kushoto amevaa kipuli cha fedha ambacho asiyejua angedhani ni pambo. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza jina langu, nikamwambia naitwa Mwantumu.

Akapiga kofi. "Na mimi Mwantumu. Karibu, somo yangu, karibu."

Kwetu mtu mwenye jina kama lako ni somo yako, na mkikutana hata njiani hamwachani hivihivi. Mtataniana, na chai utakunywa. Basi Bi Mwantumu akaniuliza nimelifanya nini jina lake mbona limekonda, nami nikamjibu nimelikuta hivyohivyo. Akacheka mpaka kipuli kikatikisika. Nikampenda palepale, na sioni haya kusema.

Kile kipuli ndicho kilichokuwa kikimshikilia. Bi Mwantumu alikuwa na maradhi ya kusahau, yale ya pole pole, ambayo jana yote inafutika mtu akilala. Kila asubuhi, kabla hajanyanyua kichwa kwenye mto wa kulalia, kipuli kilimsomea robo saa kwa sauti yake mwenyewe: wewe ni fulani, mwanao ni Mhina, mumeo alifariki mwaka fulani, wiki iliyopita ulipika kisamvu kikakosa chumvi. Maneno hayo alikuwa ameyasema mwenyewe siku zilizopita. Ndani ya kompyuta kuna programu iitwayo Karani, inamsikiliza mwenye nyumba siku nzima, inaandika yenye maana, inayapa majina, inayaweka kwenye makabati yake. Mara moja kwa wiki Karani anatoa nakala ya akiba. Na kipuli kinasoma kutoka kwenye nakala, hakisomi kutoka kwenye asili, ili asili isichoke kwa kufunguliwa kila siku.

Lishikeni hilo la nakala, nitalirudia.

Karani na mimi hatupatani. Nyumbani kwangu nilimzima siku aliponirekebisha Kiswahili mbele ya wageni. Lakini kazi ni kazi, nikavuta kiti.

Nilianza na ya kawaida, maana nusu ya kazi zangu huishia kwenye ya kawaida. Waya ulikuwa mzima, umekaza. Nafasi kwenye diski ya akiba ilikuwa tele, robo tu imetumika. Ruhusa za kusoma na kuandika zilikuwa sawa. Hakukuwa na faili lililoachwa wazi, wala lenye jina refu kupita kiasi. Nikaipima diski kuukuu; ilikuwa inachoka kweli, lakini sehemu zilizokufa hazikugusa faili hata moja. Kwa hiyo haikuwa maradhi ya chombo. Chombo kilikuwa kinafanya kile kilichoambiwa.

Nikafungua shajara, pale mashine inapoandika kila inachofanya na ambapo hakuna mtu anayesoma isipokuwa mafundi na watu wasio na kazi. Mistari arobaini na mmoja, yote sawasawa isipokuwa namba: "Somo la 1, asili haikupatikana ghala la shule, nakala imerukwa." Somo la 2, vilevile. Mpaka somo la 41.

Hapo nilielewa nusu. Mashine zote za nyumbani hutoka kiwandani zimeshaelekezwa kwamba masomo ya watoto hayanakiliwi, kwa kuwa ghala la shule linayo tayari. Karani anachofanya ni kuuliza ghala: unalo hili? Likisema ninalo, anapita. Hapa ghala lilikuwa linasema silijui, na Karani, ambaye hana ruhusa ya kunakili wala ya kutupa, aliandika kosa akaenda zake.

Nikamwita Mhina. Akachungulia, akasema hayo bila shaka ni masomo ya Bimdogo, binti yake, alipokuwa mwanafunzi. Sasa ni mtu mzima, yuko Kigoma. Tuyaache, akasema, nani anahitaji hesabu za darasa la saba. Alilisema haraka, akarudi kwenye miche yake.

Ningeyaacha. Naapa ningeyaacha, kidole kilikuwa tayari kimeelekea kitufe cha kufunga. Lakini macho yakashuka kwenye tarehe. Somo la 1 liliandikwa miaka miwili iliyopita, wiki ileile sanduku lilipofungwa hapa nyumbani. La 2, siku saba baadaye. La 3, siku saba tena. Yote arobaini na moja yalikuwa ya Ijumaa, kati ya saa nane na saa tisa mchana, halafu yakakoma. Nikamfuata Mhina kitaluni nikamuuliza Bimdogo aliondoka lini hapa. Akasema kabla ya sanduku kufungwa, kama mwezi hivi. Basi aliyesoma kila Ijumaa ni nani? Akaifuta mikono kwenye suruali, akasema hajui.

Sisi mafundi tuna mwiko: faili la mtu hatulifungui. Tunaangalia jina, tarehe na ukubwa, basi. Lakini ukubwa peke yake unasema mengi kwa anayeuliza. La kwanza lilikuwa la dakika hamsini. La kumi, dakika arobaini. La ishirini na tano, kumi na mbili. Yalikuwa yanapungua wiki baada ya wiki, na la arobaini na moja lilikuwa na sekunde nne. Nikakaa nikayatazama. Ni somo gani la sekunde nne?

Baada ya chakula cha mchana Bi Mwantumu aliingia chumbani kwake akatoka amebadilisha kanga, amejifunga mpya, amejipaka mafuta. Akaja akakaa kwenye kiti kilichoelekea kompyuta, mikono mapajani, akatulia. Nikadhani amekuja kunitazama kazi. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Nikamuuliza kama ana safari.

"Sina," akasema. "Ijumaa nikishakula nakaa hapa. Nasubiri. Sijui nasubiri nini, lakini nisipokaa naona kama nimemkosea mtu."

Mhina alikuwa mlangoni na sinia la vyombo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba daktari amesema ni maradhi tu, nisijali. Mimi nilikuwa nimekwishajali. Ilikuwa saa nane na dakika tano.

Nikaamua kunakili upya ili nimwangalie Karani akikosea mbele ya macho yangu. Ikamaliza. "Nakala imekamilika, makosa 42."

Nilisimama. Mwaka na zaidi, arobaini na moja, na leo, mbele yangu, limezaliwa la arobaini na mbili! Nikalitafuta. Somo la 42, leo, saa tano na dakika kumi. Saa tano na dakika kumi mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nasalimiana na mwenye nyumba. Maneno yaliyosemwa niliyasikia, tena niliambiwa mimi. Nikaona kulifungua hilo moja si dhambi. Likafunguka, na hivi ndivyo Karani alivyokuwa ameandika:

"Na mimi Mwantumu. Karibu, somo langu, karibu."

Somo *langu*. Nikalisoma mara tatu. Bi Mwantumu hakusema hivyo, hakuna mtu wa Muheza hii anayeweza kusema hivyo. Alisema somo yangu, kama unavyosema rafiki yangu au jirani yangu. Karani alisikia vizuri, kisha akaona bibi amekosea ngeli, akamrekebisha. Somo langu, masomo yangu: akamfungulia kabati la shule. Waliomfundisha walimpa kamusi nzima lakini hawakumpeleka kwa jirani hata siku moja, akajua neno lina maana moja, ile ya darasani.

Hasira ilinipanda, kisha ikanijia baridi. Maana kama somo la 42 lilikuwa ni mtu, basi na yale arobaini na moja yalikuwa ni mtu.

Nikamgeukia Mhina, nikamuuliza Bimdogo jina lake hasa ni nani.

Wanaume wa kwetu wakimpa binti jina la mama yao mzazi hawaliiti hovyo, watasema Mama, watasema Bimdogo, kwa sababu nani atamkaripia mtoto kwa jina la mama yake? Akaliweka sinia chini.

"Mwantumu," akasema. "Ni somo wa mama."

Tulitoka nje, akanieleza, na sasa nilielewa kwa nini alikuwa akisema haraka haraka. Bimdogo alikuwa hataki kipuli. Alimwambia baba yake kwamba siku mashine ikimsahau mtu, na bibi atamsahau. Wakagombana, akaenda Kigoma kikazi na hasira zake. Alikuwa akimpigia bibi yake simu, na mwanzoni wakicheka. Kisha ikafika siku bibi akamuuliza wewe nani. Akapiga tena, bibi akasema hana mjukuu wa jina hilo. Mara ya tatu akamwambia baba yake: umenifuta. Mhina aliapa kwamba hakugusa kitu, na binti hakumwamini. Ni mwaka sasa hawajasemezana.

Kwa hiyo ndiyo hivi. Kila Ijumaa bibi alikaa kwenye kile kiti akaisemea kompyuta barua ya sauti ya mjukuu aliye mbali, saa nzima, kumwekea akiba ya maneno. Karani aliyaandika, akayafungia kabati lisilonakiliwa. Kipuli kinasoma nakala tu. Kila asubuhi kilimwambia Bi Mwantumu habari za watu wake wote, mpaka za kuku, isipokuwa mmoja. Mwanzoni alimkumbuka mwenyewe bila kusomewa. Kisha dakika arobaini, kisha kumi na mbili, kisha sekunde nne. Maradhi hayakumchagua yule binti. Tulimtoa sisi, kwa ngeli.

Nilimwambia Mhina kurekebisha ni kazi ya dakika tano. Nahamisha mafaili kutoka kabati la masomo kwenda la barua, namzuia Karani asiguse "yangu" ya mtu, nanakili. Kesho asubuhi kipuli kitasoma.

Nilidhani atafurahi. Akainamia mche mmoja akawa anaufunga kitambaa ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Dada, mama sasa hivi ametulia," akasema. "Ukimrudishia, kila asubuhi ataamka aniulize yuko wapi. Kila asubuhi. Nitamjibu nini?"

Sikumwona mbaya, na mpaka leo simwoni. Yeye ndiye anayetia saini kwa niaba ya mama yake. Akisema acha, sheria inasema niache, na kesho saa nne lori linabeba. Tena kulikuwa na jambo jingine lililonitia hofu zaidi ya saini. Kinachosomwa na kipuli, mvaaji anakiamini kuwa ni chake. Nikibonyeza, kesho ndani ya kichwa cha bibi wa watu ataingia mtu ambaye leo hayumo, na uchungu wake. Fundi gani ana haki hiyo? Na kama ninayo leo kwa arobaini na moja ya kweli, kesho fundi mwingine anayo kwa moja la uongo. Nilizunguka kile kitalu mara mbili. Lakini kila nilivyogeuza, niliona kuacha nako ni kubonyeza. Kabati lilifungwa bila mtu kuulizwa, na sasa tulikuwa wawili tunashauriana kulifunga tena, huku mwenye kabati amekaa ndani, amejipaka mafuta, anasubiri asichokijua.

Nikamwambia Mhina saini ni yake lakini maneno ni ya mama yake, tukamuulize. Kisha akatangulia yeye.

Bi Mwantumu alikuwa bado kitini. Nilipiga magoti tukawa macho kwa macho, nikamwambia taratibu: kuna maneno aliyasema mwenyewe zamani, yakapotea kwa kosa la mashine. Yanamhusu mtu anayempenda. Yakirudi, huenda yakamuuma, na kila asubuhi yatamuuma upya. Yasiporudi, ataendelea kama alivyo leo.

Hakuuliza ni nani. Aliuliza, "Ndiye ninayemsubiri?"

Nikasema naona ndiye.

"Basi nirudishie. Kuumia nitaumia mimi, wewe usinihurumie." Akamgeukia mwanawe. "Wala wewe, baba."

Aliomba asikie moja, lolote. Dakika hamsini zingetuchosha, na nakiri nilikuwa na hamu yangu pia, nikafungua lile la mwisho. Sauti yake ikatoka, imepoa, kama ya mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi: "Somo yangu... nilitaka kukwambia nini vile?"

Zikaisha sekunde nne. Mhina alitoka, nikasikia bomba la kitaluni likifunguliwa, likaachwa linamwagika.

Nikabadilisha kabati. Nikafuta "langu" zote, mia tatu na kitu, nikarudisha "yangu" kama zilivyosemwa. Nikanakili kwenye sanduku jipya. "Nakala imekamilika, makosa 0." Ni mara chache sifuri imeniogopesha, lakini ile iliniogopesha.

Nililala hapo Muheza kwa binamu yangu. Jumamosi saa mbili asubuhi nikarudi kuchukua sanduku kuukuu, ndivyo nilivyojiambia. Ukweli nilitaka kujua. Mhina alinifungulia mlango, hajanyoa, hajanywa chai. Akasema mama yake hajatoka chumbani, na leo kipuli kimesoma zaidi ya robo saa.

Alitoka mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu, kanga ileile ya jana. Alinikuta nimekaa karibu na kompyuta, nikasimama nikamwamkia, shikamoo somo, kwa utani wa jana, ingawa nilijua jana yangu kwake haimo ndani ya mafaili mengi.

"Marahaba," akasema. "Wewe jina lako nimesomewa. Wewe ni somo." Akanipita, akaenda mpaka mbele ya mwanawe, akainua uso kwa sababu Mhina ni mrefu. "Somo yangu mimi yuko wapi?"

Swali lilikuwa lilelile aliloliogopa. Nilimwona akifungua mdomo, na nikaona kwamba hakuwa ameandaa uongo wowote. Akatoa simu mfukoni. Vidole vile vinavyokata jicho la mchungwa bila kutetemeka vilikosea namba mara mbili. Ikaita muda mrefu. Kisha upande wa pili sauti ya kike, kavu, ikasema, "Baba?"

Mama yake akamnyang'anya simu, akaiweka kwenye sikio la kulia, lile lisilo na kipuli.

"Somo yangu," akasema, "usikate. Nilikuwa katikati ya maneno."